Pete, piramidi na kadi za harusi: shajara ya mradi wa kuiga ndoa kwenye kompyuta

Jumatatu, 10 Februari 2025

Leo nimeanza kweli, baada ya wiki tatu za kusema "nitaanza Jumatatu".

Mwaka 1971 Ansley Coale, mwanademografia wa Marekani, alionyesha jambo ambalo halijaacha kunishangaza. Ukichora asilimia ya waliowahi kuoa au kuolewa kwa kila umri, mikunjo ya jamii zisizofanana hata kidogo huwa na umbo moja: inaanza chini, inapanda kwa kasi, kisha inatulia. Tofauti zote zinaingia kwenye namba tatu tu, yaani umri ambao watu huanza, kasi yao, na sehemu ya watu ambao mwishowe huingia kwenye ndoa. Huku hakuna aliyewahi kuoa kwa kufuata mkunjo. Mmoja kaoa kwa kuwa kaka yake ameoa, mwingine kwa kuwa amepata kazi, mwingine kwa kuwa binti ameshika mimba na wazee wamekuja mlangoni. Vipi fujo yote hiyo inatoa mstari laini namna ile?

Njia nitakayojaribu ni ya kuunda watu bandia ndani ya kompyuta, kila mmoja na umri wake, jinsia yake na jirani zake, niwape kanuni chache za kutafuta mwenzi, kisha nikae pembeni nitazame mkunjo unaotoka. Kitaalamu hao watu wanaitwa mawakala. Nilipomwambia jirani yangu kwamba natengeneza mawakala elfu mbili, aliniuliza nimetoa wapi mtaji wa floti.

Jumatano, 19 Februari

Sianzi kutoka sifuri. Francesco Billari, Alexia Prskawetz na wenzao walichapisha mwaka 2007 modeli waliyoiita Pete ya Ndoa, na mimi naijenga upya kwa mikono yangu kabla ya kuigusa. Mpango wake ni huu. Kila wakala ana makazi kwenye duara, ndiyo pete yenyewe, na ana umri. Waliokaribu naye kwa makazi na kwa umri ndio watu wake, wale ambao maoni yao yana uzito kwake. Kompyuta inahesabu ni wangapi kati yao wameshaoa au kuolewa. Wakiwa wachache, hana presha. Wakizidi, presha inapanda, kwanza polepole, halafu kwa ghafla, halafu inafika kikomo. Presha hiyo haimpi mke wala mume. Inachofanya ni kupanua eneo lake la kutafuta: anaanza kuangalia mbali zaidi na kukubali tofauti kubwa zaidi ya umri. Akimpata mtu asiye na mwenzi, na yeye mwenyewe akawa ndani ya eneo la yule mtu, wameoana.

Sharti la mwisho ndilo linalonifurahisha. Kupenda peke yako hakutoshi.

Nimeijenga kwenye NetLogo, programu ya bure ya kuendeshea mawakala, iliyoandikwa na Uri Wilensky mwaka 1999 na inayoendelezwa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Mawakala wake huitwa kobe, urithi wa lugha ya zamani ya kompyuta ya kufundishia watoto. Nimepaka waseja rangi ya kijivu na waliooana kijani. Ukibonyeza kitufe, kijani kinachomoza sehemu tatu nne, kinasambaa kama moto wa nyasi, na baada ya muda vinabaki visiwa vya kijivu. Nimekaa saa nzima nikibonyeza tena na tena bila kuandika chochote.

Jumamosi, 8 Machi

Siku sita zimekwenda na maji, nazieleza ili mwenzangu asizipoteze kama mimi.

Nilihamia Python, lugha ya kuandikia programu, kwa sababu nataka kuendesha modeli mara mia kadhaa usiku nikiwa nimelala. Niliandika kanuni zile zile, mstari kwa mstari. Matokeo yakatoka tofauti. Mawakala wa mwanzo kwenye orodha walikuwa wanaoa mapema kuliko wa mwisho, tofauti ya karibu miaka miwili, na kwenye pete palikuwa na sehemu moja ambapo waseja walijazana hawaoani, mwaka hadi mwaka, kama vile pana ukuta.

Ukuta ulikuwepo. Makazi nimeyapima kwa nyuzi, 0 hadi 359. Mtu wa nyuzi 359 na mtu wa nyuzi 1 ni majirani wa mlango kwa mlango, ila kompyuta iliwatoa 359 kwa 1 ikapata 358, ikawaona wanaishi pande mbili za dunia. Pete yangu ilikuwa imekatika, nilikuwa na kipande cha waya. Tiba yake ni mstari mmoja: chukua tofauti, au 360 toa tofauti, ile iliyo ndogo.

Na wale wa mwanzo wa orodha? Kitanzi cha Python kinapita orodha kwa mpangilio uliopo. Kwa hiyo kila mwaka wakala namba 1 alikuwa wa kwanza kuchagua, namba 2 akafuata, na namba 1,998 alikuta sahani zimeshafutwa. Inabidi kuchanganya orodha kila raundi, kama karata.

Kilichoniuma ni kwamba makosa hayo mawili hayakuwepo kwenye NetLogo, kwa sababu yenyewe huchanganya mpangilio wa kobe bila kuambiwa, na dunia yake kwa kawaida imeunganishwa kingo kwa kingo. Ilikuwa inanibeba kimya kimya. Nilidhani nimeielewa modeli, kumbe nusu ya modeli ilikuwa inaendeshwa na mtu mwingine.

Ijumaa, 21 Machi

Hii ni siku niliyoipenda kuliko zote.

Nilikuwa nimeongeza mambo mawili ili pete ifanane na kwetu. La kwanza, mwanamume hutafuta mwanamke aliye mdogo kwake kwa miaka kadhaa. Utafiti wa afya na demografia wa Tanzania wa 2015–16 unaonyesha wanawake huingia kwenye ndoa ya kwanza kwenye miaka 19 hivi na wanaume kwenye 24, kwa hiyo pengo ni kama miaka mitano. La pili, baadhi ya wanaume wanaweza kuoa mke wa pili. Nikaendesha. Kufika umri wa miaka 45, karibu wanaume watatu kati ya kumi walikuwa hawajawahi kuoa. Nani amewahi kuona kijiji cha hivyo? Wajomba wangu wote wangekuwa wanakula mgahawani.

Nikaanza kushuku presha, nikashuku kanuni ya mke wa pili, nikabadilisha vigezo mpaka nikasahau vya mwanzo vilikuwa vipi. Usiku nikachora kitu ambacho ningechora siku ya kwanza: idadi ya mawakala kwa kila umri. Ilikuwa bapa kama meza. Watoto sawa na vijana, vijana sawa na watu wazima. Nilikuwa nimegawa umri kwa nasibu, kila umri nafasi sawa, kwa uvivu tu.

Sasa angalia Tanzania. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Hiyo ni ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Jamii inayokua hivyo haina umbo la meza, ina umbo la piramidi, kila kundi jipya ni kubwa kuliko lililolitangulia. Kama wanaozaliwa nao wanaongezeka kwa kasi hiyo hiyo, waliozaliwa miaka mitano baadaye wanawazidi wa kwanza kwa asilimia 17 hivi. Kwa lugha ya posa: wanaume 100 wa miaka 25 wanatazama wanawake wapatao 117 wa miaka 20, kabla hatujagusa vifo. Hakuna wanawake wa ziada waliozaliwa mahali popote. Ziada inatokana na pengo la umri likikutana na ukuaji wa idadi ya watu, na ndiyo inayowezesha wanaume wengine kuoa wawili bila kuwaacha wengine wote kavu.

Nikaingiza piramidi. Wale wanaume watatu kati ya kumi wakashuka wakawa chini ya mmoja, na sikugusa kanuni yoyote ya mapenzi.

Kuna upande wa pili unaonitia wasiwasi. Uzazi ukishuka, piramidi inanenepa katikati na hiyo ziada inayeyuka. Nikajaribu: uzazi ushuke taratibu kwa miaka thelathini. Pengo la umri likaanza kubanwa lenyewe, wanaume wakachagua waliokaribiana nao zaidi, na ndoa za wake wengi zikapungua, bila sheria na bila mahubiri. Kwenye kompyuta yangu, narudia. Sitangazi kitu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimempigia shangazi yangu wa Tanga, ambaye amekwenda kwenye posa nyingi kuliko mshenga yeyote ninayemjua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umepata mchumba, au bado unaoza na hiyo kompyuta?"

"Ndiyo hiyo hiyo shangazi. Nina swali. Mtu anahesabiwa ameolewa lini?"

Akacheka. "Kwa nani?"

Nikamwomba afafanue. Akasema kwa baba mtu, binti ameolewa mahari ikipokelewa. Kwa shehe, ndoa ikifungwa. Kwa majirani, siku wanapomwona anaanika nguo kwenye uwanja wa mume. "Na mama yake," akaongeza, "alishajua zamani, wakati nyie mnatafuta kalamu."

Kwenye msimbo wangu ndoa ni sifuri au moja. Usiku ni sifuri, asubuhi ni moja. Hata serikali haiko hivyo: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawachukulia kuwa mume na mke, wanadhaniwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tafiti za afya na demografia zinawaweka kapu moja waliooana na wanaoishi pamoja. Sensa inawatenganisha. Ukilinganisha modeli na takwimu bila kujua kapu ni lipi, unalinganisha samaki na ndoano.

Nimeamua: wakala atakuwa na tarehe tatu, ya posa, ya kuhamia na ya kufunga ndoa, na yoyote kati yake inaweza kuwa tupu, na hazilazimiki kufuatana. Kwa kulinganisha na utafiti nitatumia ya kuhamia.

Jambo jingine lilijitokeza nikiandika majina ya vitendo kwenye msimbo. Pete ya asili haina ubaguzi: wawili wanaonana, wanaoana. Lugha yetu ina kuoa na kuolewa. Mmoja ni mtendaji, mwingine anatendewa, na wewe unayeandika programu kwa Kiswahili unalazimika kuamua ni nani anayeita kitendo. Wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley walithibitisha mwaka 1962 kwamba katika mpango wao wa kuoanisha watu, upande unaoposa hupata mwenzi bora kabisa anayewezekana bila ndoa kuvunjika, na wengine baadaye wakaonyesha kwamba upande unaoposwa hupata aliye wa chini kabisa kati ya hao wanaowezekana. Nikajaribu kwangu: mwanamume ndiye anapeleka posa, mwanamke anakubali au anakataa. Mkunjo wa umri haukutikisika. Pengo la umri kati ya mume na mke lilipanuka waziwazi. Nimeweka alama hapo, nitarudi.

Jumatatu, 14 Aprili

Pete ya asili haina talaka. Nimeongeza talaka na ujane. Kisha nikagundua kwamba modeli inatembea kwa hatua za mwaka, na eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Kwa hatua za mwaka eda haipo, imemezwa. Nimehamia hatua za mwezi. Mbio moja, yaani kuiendesha modeli mara moja, iliyochukua dakika tatu sasa inachukua zaidi ya nusu saa. Eda imenigharimu umeme.

Ijumaa, 2 Mei

Nilikuwa nalinganisha mkunjo wa modeli na umri ambao wanawake kwenye data walitaja kuwa ndipo walipoanza kuishi na mume. Data ilikuwa na vilele, kwenye 15, kwenye 20, kwenye 25. Modeli yangu ilikuwa laini. Nikafikiri nimekosa kitu cha kijamii, nikatumia jioni mbili nikibuni kichocheo cha "kutimiza miaka 20", kwamba familia huanza kuuliza maswali siku hiyo. Kikafanya kazi vizuri sana. Nikajivunia.

Baadaye nikakumbuka somo la mwaka wa kwanza. Mtu akiulizwa umri asioukumbuka sawasawa, hujibu namba inayoishia na 0 au 5. Vile vilele havikutokana na ndoa, vilitokana na mahojiano. Kile kichocheo nimekifuta, na nimeacha maoni kwenye msimbo ili nisikirudishe: *usiige usahaulifu wa watu*.

Jumamosi, 17 Mei

Mkunjo umekaa. Wanawake umekaa, wanaume umekaa, tofauti na data ni ndogo kiasi kwamba kwenye karatasi hauoni mstari wa pili. Nilipaswa kufurahi.

Tatizo ni kwamba nina modeli mbili, na zote mbili zimekaa.

Ya kwanza ni Pete, inayoendeshwa na presha. Ya pili niliiandika kwa kisirani baada ya mazungumzo na shangazi. Alisema: "Kijana haoi kwa kuona wenzake wameoa. Anaoa akipata chumba." Hapa Dar mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, na kitanda, na godoro, na mtungi wa gesi. Kwa hiyo nikaondoa presha kabisa. Kila kijana anaweka akiba, anafika kiwango cha chumba kwa muda wake, anakutana na mtu, wanachumbiana, wanahamia. Majirani wakioa wasioe, hana habari. Nimeiita Modeli ya Chumba.

Na mkunjo ni ule ule.

Nilipotulia nikaona kwamba jambo hili ni la zamani kuliko mimi. Mwaka 1972 Coale na McNeil waliueleza mkunjo kama umri wa kufikia hali ya kuoleka, unaotawanyika kama kengele, ukifuatiwa na vichelewesho vitatu: kukutana, kuchumbiana, kufunga. Ndiyo Chumba changu hicho. Mwaka huo huo wa 1972 Gudmund Hernes, mwanasosholojia wa Norway, aliueleza kama presha ya waliokwisha kuoa, inayoongezeka kadiri wanavyozidi, huku mvuto wa mtu ukipungua kwa umri. Ndiyo Pete. Miaka zaidi ya hamsini, visa viwili, mkunjo mmoja. Kwa nini basi nilidhani mkunjo utaniamulia?

Nimekaa na daftari, bila kompyuta, nikajiuliza ni wapi hizi mbili zingepishana. Nimepata sehemu mbili. Moja ni mshtuko. Kodi za vyumba zikipanda ghafla kwa miaka miwili kisha zikarudi, kwenye Chumba watu wanachelewa halafu wanafidia, wanaoa kwa mkupuo. Kwenye Pete, ukiwazuia watu miaka miwili kwa namna yoyote, waliooa miongoni mwa majirani wanakuwa wachache, presha inapungua hata kwa wasioguswa, na ucheleweshaji unaendelea muda mrefu baada ya sababu yake kwisha. Nimeendesha zote mbili na ndivyo zinavyofanya. Sehemu nyingine ni mafungu: kwenye Pete ndoa za mtaa mmoja zinafuatana, moja inaita nyingine. Kwenye Chumba zimetawanyika.

Utafiti wa kitaifa unaniambia kila mtu alioa lini. Hauniambii jirani yake alioa lini.

Jumanne, 3 Juni

Dokta anayenisimamia amesoma kurasa zangu, akauliza swali ambalo kila msimamizi huuliza: "Sawa, na hii inamsaidia nani?"

"Dokta, naomba nijibu kwa kisa cha Mwanza."

Nikamweleza ninavyokijua. Kati ya 1991 na 1994, mkoani Mwanza, jamii 12 ziligawanywa jozi sita. Nusu zikapata matibabu bora ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya. Maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takriban asilimia 40. Halafu Rakai, Uganda, ng'ambo ile ya ziwa, wakatibu watu kwa wingi kila baada ya miezi kumi, na VVU havikupungua. Watu wakabishana miaka. Watafiti wa Rotterdam wakachukua modeli yao, STDSIM, inayoiga watu mmoja mmoja, wanaoanza uhusiano na kuuvunja, wengine wenye wapenzi wa pembeni, wakaijenga Mwanza bandia na Rakai bandia. Wakaona kwamba matokeo hayo yanaweza yote kuwa kweli. Rakai janga lilikuwa limeshakomaa, VVU vimeenea sana, na tabia zilikuwa zimeshabadilika, kwa hiyo magonjwa ya zinaa yanayotibika hayakuwa tena njia kubwa ya maambukizi. Mwanza janga lilikuwa changa.

"Kwa hiyo," nikasema, "nani anaungana na nani, na wanakaa pamoja muda gani, si umbea."

Dokta akatabasamu. "Umbea ni data ambayo haijasafishwa. Lakini wao walikuwa na majaribio mawili ya kulinganisha. Wewe una mkunjo mmoja."

Ameniacha hapo hapo nilipokuwa nimekwama tarehe 17.

Jumapili, 22 Juni

Kwa ufupi. Vigezo ni vingi, mbio ni ndefu, siwezi kujaribu kila mchanganyiko. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Southampton, Jakub Bijak, Jason Hilton na wenzao, kilikumbana na hili mwaka 2013 walipoipanua Pete na kuilisha data za Uingereza. Pete ikanenepa ikawa na pande mbili, wakaiita donati. Badala ya kuendesha modeli kila mahali, waliiendesha sehemu chache zilizochaguliwa vizuri, kisha wakatumia mbinu ya takwimu, mchakato wa Gauss, kukisia ingejibu nini sehemu zilizobaki, na kisio lina mpaka wake wa mashaka. Nimejaribu na mbio 60. Inakisia vizuri katikati, pembeni inababaisha. Umeme ulikatika kwenye mbio ya 41, na sikuwa nimehifadhi mbegu ya nasibu, namba inayoiwezesha kompyuta kurudia bahati nasibu ile ile. Nimeanza upya.

Jumamosi, 5 Julai

Mama ana sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake mna kila kadi ya mchango na ya mwaliko wa harusi aliyowahi kupewa mtaani kwetu. Hakuzitunza kwa ajili ya sayansi, alizitunza ili ajue nani alimchangia nini zamu yake ilipofika. Nimezimwaga mkekani: kadi 143. Zina jina la familia, tarehe, ukumbi, na bei chini, singo na dabo.

Hiyo ndiyo data niliyokosa. Majirani wale wale, mtaa mmoja, tarehe kamili. Ndoa zikiwa zinaitana, nitaziona zimekaa mafungu.

Na zimekaa mafungu hasa! Kwa dakika kumi nilikuwa mshindi. Kisha nikazipanga kwa miezi badala ya miaka. Desemba zimejaa. Wakati wa Kwaresima kadi za Wakristo zinakauka. Za Waislamu hazipo kabisa mwezi wa Ramadhani, halafu Mfungo Mosi zinamiminika, na Ramadhani yenyewe inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo siwezi hata kusema "toa mwezi fulani". Fungu la Desemba linaweza kuwa presha ya majirani. Linaweza kuwa likizo na ndugu waliotoka mikoani. Itanibidi nichanganye kadi kwa nasibu ndani ya msimu huo huo, mara elfu, nione kama mafungu halisi yanazidi ya kubuni. Hilo linawezekana. Ni kazi ya wiki mbili.

Kadi kumi na tisa hazina mwaka. Moja imeandikwa tu "Jumamosi, 14 Desemba". Kalenda inasema kwa miaka ishirini ya karibuni 14 Desemba imeangukia Jumamosi mwaka 2013, 2019 na 2024. Karatasi imepauka mno kuwa ya juzi, kwa hiyo ni moja kati ya mbili za kwanza. Nikamuuliza Mama, yuko jikoni anapepeta mchele.

"Mama, hii harusi ya mtoto wa mzee wa duka la mkaa, ilikuwa lini?"

Hakugeuka. "Mtoto wao mkubwa yuko darasa la ngapi?"

"La tano, nadhani."

"Basi hesabu. Siku ya harusi bi harusi alikuwa na tumbo la miezi minne, shela lilishonwa upya Alhamisi."

Nikaandika 2013 kwenye safu ya kufunga ndoa. Safu ya kuhamia nimeiacha wazi, nikarudi jikoni kumuuliza walianza lini kukaa pamoja. Amesema nilete ungo wa pili kwanza.